Kuku Asiyetimiza Siku Tatu

Siku ya pili tangu nifike kwenye msiba wa Bi Mwanahawa, binti mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam aliruka kutoka kwenye mbuzi aliyokuwa akikunia nazi, akaanza kupiga kelele: "Bibi, njoo uone! Kuku anakula mjusi! Daah, noma!" Kweli, kuku mweusi alikuwa anakimbia uani na mjusi mdomoni, mkia unaning'inia, na wenzake watano wako nyuma wakimfukuza kama watoto waliomwona mwenzao ana andazi. Binti alishatoa simu anarekodi. Mie nikacheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na kabla sijamaliza kucheka nikajikuta nalia. Wanawake wakanizunguka, "pole mama, kazi ya Mungu haina makosa," wakanikalisha mkekani. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, akidhani masikio yangu yamekufa, "Huyu naye ni nani kwa marehemu?" Swali zuri. Niliwahi kuwa mkwewe kwa miezi minane, nikawa kizuka ndani ya nyumba yake kwa miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo nikawa mtu asiye na jina kwake. Nimeolewa tena, nimezaa, mume wa pili naye nimemzika, naishi Lindi mjini na magoti yangu mabovu. Lakini nilipopigiwa simu kwamba Bi Mwanahawa hatunaye, nilifunga mzigo bila kumwomba mtu ruhusa. Wanangu walishangaa, "Mama, huyo Bi Mwanahawa ndiye nani?" Sikuwaeleza, maana ningeanza kueleza ningelazimika kuanza na kuku.

Basi naanza na kuku. Ya wazazi na ukoo nayaacha. Itoshe kwamba nilitoka Kilangala, kwa wakulima, nikaolewa na Selemani, mtu wa Songo Mnara, nikaletwa kisiwani nina miaka ishirini na moja na begi moja. Kwetu mtu akiamka anatazama jembe lake liko wapi. Kule nilikuta watu wakiamka wanatazama maji, kama yamejaa au yamekupwa, ndipo wajue siku yao itakuwaje. Hesabu ile ya maji sikuizoea, na nitasema hapa hapa ilinifikisha wapi, sitaki mtu asome akidhani namficha kitu. Mwezi wa nane wa ndoa yetu Selemani alishikwa na homa. Tukasema malaria, akanywa dawa, akalala. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, macho yake yalikuwa ya njano na meno yanagongana, na jirani yetu Mwajuma akaja akamtazama mara moja tu akasema, "Somoe, mpelekeni Masoko hospitali, hii si homa ya kukaa nayo." Lakini maji yalikuwa yamekupwa. Mtumbwi wa mashine ulikuwa umetia nanga nje, kwenye mkondo, na kati yake na sisi kulikuwa na matope ya mikoko. Kumfikisha pale ingebidi wanaume wambebe wakizama hadi mapajani. Wanaume walikuwepo. Wawili walishakunja suruali. Selemani akanishika mkono, akaniambia, "Tungoje maji yajae, Somoe. Wasinibebe kama gunia la muhogo." Nikatoka nje nikawaambia wale wanaume, "Tunangoja maji." Mimi ndiye niliyesema. Alasiri maji yalianza kurudi, na yalipoweza kuuleta mtumbwi ufukweni mume wangu alikuwa ameshakata roho.

Bi Mwanahawa hakuwepo. Alikuwa Kiranjeranje kwa mdogo wake, na huko habari zilimfikia polepole. Maiti haikuweza kumngoja, tukazika asubuhi yake, naye alifika siku ya pili akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Aliingia ndani, akavua makubazi, akapita mbele yangu, akaenda uani akachota maji akanawa uso. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, nimeyapanga moja baada ya jingine: homa, macho, matope, wanaume wawili. Nilingoja aniulize. Hakuuliza. Hakuuliza siku ile, hakuuliza kesho yake, wiki ikapita, watu wa matanga wakatawanyika, hakuuliza. Na hilo ndilo lililonitesa mwaka ule kuliko kufiwa kwenyewe, Mungu anisamehe. Nilitaka yule mama aniulize mwanawe alikufaje, kisha aniambie ananilaumu au hanilaumu. Sikuwa na haja nyingine duniani. Kwenda mwenyewe kumweleza kabla hajauliza, wallahi sikuthubutu. Mkwe ni mkwe, na mie nilikuwa mgeni hata kwenye kilio.

Anayejua eda anajua. Kwa asiyejua: mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai cha kupendeza, hajipaki hina wala manukato, hatoki bila dharura, na anaitwa kizuka. Mie nilikuwa kizuka mwenye vyumba viwili na ua. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, kioo ambacho Bi Mwanahawa alikigeuza kikatazama ukuta, na shati la Selemani kwenye msumari ambalo hakuna kati yetu aliyeligusa. Ukumbi ulikuwa na mkeka na saa ya ukutani iliyosimama. Halafu ua: jiko la makuti, mtungi wa maji, rundo la kuni, choo, na wigo wa makuti kuzunguka vyote. Asubuhi Bi Mwanahawa aliniwekea muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi kizingitini. Mchana wali na samaki wa kukaanga, au mchuzi wa tui ikiwa alipata nazi. Chakula kilikuwa kizuri, sitamsingizia marehemu. Hakuwahi kuninyima kipande. Lakini aliweka sahani, akageuka, akaenda kula peke yake jikoni amenipa mgongo. Tulisalimiana, "Shikamoo, Mama," "Marahaba," na salamu ile ndiyo ilikuwa mazungumzo ya siku. Jina langu alikuwa haliiti tena. Ilipokuwa lazima aniite alisema "we mwali," kama vile ananiita kutoka ng'ambo.

Mazungumzo yalikuwa upande wa pili wa wigo. Mwajuma alikuwa na mdomo wa kuwatosha wanawake wanne, na makuti hayazuii sauti. Nilisikia nani kaachika, nani kanunua redio, pweza leo kapatikana au hakupatikana. Siku moja nilisikia yangu. "Mie simsemi mtu," alisema Mwajuma, na ukimsikia mtu anaanza hivyo jua kazi imekwisha, "lakini kuna wanawake wana miguu mizito. Miezi minane tu! Kaingia, nyumba imeanguka." Mtu aliyekuwa anazungumza naye alikuwa Bi Mwanahawa. Nilisimama na kopo la maji mkononi, nikingoja atajibu nini. Kisha akasema, "Chumvi dukani imekuja?" Basi. Nilikaa siku nyingi nikiligeuzageuza lile neno la chumvi, nikitafuta ndani yake kama ni utetezi au ni kukubali. Hata leo sijui. Nikiwa kijana nilidhani watu wazima wakinyamaza wana jibu wamelificha. Sasa mie mwenyewe ni mtu mzima, na mara nyingi ninaponyamaza sina kitu.

Ndipo nikaanza kuishi na kuku. Walikuwa tisa, na katikati yao alikuwepo mmoja kuchi, mrefu wa miguu, kifua kinene, jicho la shari, hatagi tena lakini anatembea kama mwenye mji. Nilimpa jina la Mjumbe, kwa sababu kila asubuhi alizunguka ua kona kwa kona akikagua. Kilangala tulifuga kuku, lakini nani shamba ana muda wa kumkalia kuku kumtazama? Uani kwa Bi Mwanahawa nilikuwa na muda kuliko mfungwa. Niligundua kwamba kuku ni mnyama mkali sana, na kwamba binadamu tunamdharau kwa sababu ya ukubwa tu. Mjumbe alikuwa anawinda. Anasimama chini ya ukuta, mguu mmoja juu, shingo imelala upande, kimya. Mjusi kafiri akishuka kidogo tu kutoka kwenye boriti, paa! Anampiga chini mara mbili, tatu, anamgeuza, anammeza kwa kichwa, na mkia unabaki unacheza nje ya mdomo kidogo kabla haujafuata. Tandu alimla kwa kumvunjavunja. Vikaa vidogo vinavyopanda kutoka mikokoni aliving'oa miguu kwanza. Wakati wa mvua alikamata vyura, na chura mmoja alilia tumboni mwake, au nilidhani nimesikia. Siku moja kitoto cha popo kilianguka kutoka kwenye makuti ya jiko, hakijaota hata manyoya, na kabla sijainuka kilikuwa kimeshaingia kooni mwa Mjumbe. Nilimsema. "Huna haya wewe," nikamwambia. "Kitoto cha watu!" Akanitazama kwa jicho moja, akafuta mdomo mchangani, akaendelea na ukaguzi. Nikagundua kwamba hilo lilikuwa ndilo neno refu kupita yote niliyokuwa nimesema kwa wiki nzima, na nimemwambia kuku. Nikajionea huruma hadi nikaona aibu.

Kisa cha panya sina budi kukieleza, ingawa hata sasa sikipendi. Ilikuwa mwezi wa tatu wa eda, asubuhi. Bi Mwanahawa alikuwa anahamisha kuni, akainua gogo, na chini yake kulikuwa na kiota cha vipanya sita, vyekundu, macho hayajafunguka. Kuku walifika kabla hajashusha lile gogo. Hawakupigana hata, kila mmoja akachukua chake. Mjumbe alichukua viwili. Ilikwisha kwa muda wa mtu kupiga chafya. Kisha yule panya mama akatokea kutoka upande wa choo, sijui alikwenda kutafuta nini, akaja moja kwa moja hadi pale palipokuwa na kiota. Badala ya kukimbia akawa anazunguka, ananusa, anazunguka, katikati ya miguu ya kuku, mchana kweupe. Nikasema, "Mama, anawatafuta." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kitu ambacho hakikuwa salamu. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na gogo kifuani. Mjumbe akamdonoa yule panya kisogoni. Bi Mwanahawa akaliweka gogo chini taratibu, akaingia ndani kwake, akafunga mlango, na hakutoka mpaka maghrib. Chakula cha mchana siku ile nilipika mimi. Nilimwekea kizingitini, kama alivyokuwa akiniwekea, na sahani nikaikuta vilevile.

Eda ilikwisha. Nikaogeshwa, nikavaa kanga mpya, watu wakaja wakasoma hitma, wakala wali na samaki, wakaondoka. Kawaida baada ya hapo ndugu zangu wangekuja kunichukua. Sikuwa na mtoto, sikuwa na cha kunibakisha. Nilipoanza kukunja nguo Bi Mwanahawa akasimama mlangoni. "Mtoto wa watu hatoki kwangu mdomo mkavu," akasema. "Utakula kuku, ndio uende. Mfungie yule kuchi." Kumfungia maana yake ni hii: kuku wa uani anakula kila uchafu, na wazee wenye kushika dini wa upande ule hawamchinji hivi hivi. Wanamfunika tengani siku tatu, anakula mtama na kunywa maji safi tu, tumbo litakasike, ndipo aitwe mtu wa kuchinja. Siku hizi wengi hawana habari na hilo, wanakamata na kukata. Bi Mwanahawa alikuwa nalo kama sala. Mjusi mmoja ndani ya siku tatu na hesabu inaanza upya. Nikamkamata Mjumbe, akanirarua mkono, nikamfunika na tenga uani, na jiwe juu.

Siku ya pili, naapa, sikufanya kitu. Nilikuwa nafagia, nikaona mjusi anapenya mwenyewe kwenye tundu la tenga, mjinga yule, na Mjumbe akamla. Ningenyamaza nani angejua? Lakini niliogopa kumlisha mkwe wangu kitu ambacho moyo wake haukitaki, nikaenda jikoni nikamwambia, "Mama, kuku amekula mjusi." Akainua macho kutoka kwenye chungu. Akanitazama, kunitazama hasa, sidhani alikuwa amenitazama hivyo tangu msiba. "Basi anza upya," akasema. Nikarudi uani. Siku tatu nyingine! Siku tatu ambazo huenda angeniuliza. Na pale pale, nikiwa na fagio mkononi, shetani akanipitia, au malaika, sijui. Siku mbili zilipopita na hakuna neno, niliingia chumbani, nikapiga nyuma ya kile kioo kwa fagio la chelewa, mjusi akaanguka, nikamfunika kwa kanga, nikampeleka tengani. Nikaenda jikoni. "Mama, amekula tena." "Anza upya."

Nilifanya hivyo, Mungu shahidi, majuma matatu. Mijusi, tandu, kipanya kimoja kilichoanguka kwenye pipa la mtama. Nilijiambia namwonea huruma Mjumbe, na kweli nilimwonea, alikuwa ndiye mwenzangu pekee. Lakini kila nilipoinua ukingo wa lile tenga sikuwa nikimfikiria kuku. Nilikuwa nanunua siku. Niliogopa kwamba nikipanda mtumbwi kabla hajauliza, sitajibiwa maisha yangu yote, nitakuwa bibi kizee bado namngoja mtu aniulize. Na yeye kila mara ni "anza upya," hana hasira, hana mshangao. Mwajuma alisema nyuma ya wigo, "Kuku gani huyo asiyetakasika? Mngemtia shuleni angeshahitimu!"

Kaka yangu Athumani akaja kunichukua. Alifika amelowa hadi kiunoni, mkulima asiyeijua bahari, viatu ameshika mkononi. Bi Mwanahawa alimpa maji na mkeka.

"Umeshafunga mzigo?" akaniuliza Athumani.

"Bado. Tunangoja kuku."

"Kuku gani?"

"Yule tengani. Hajatimiza siku tatu."

Athumani akanikodolea macho. "Somoe. Nimetoka Kilangala, nimelala njiani, nimetapika kwenye mtumbwi mbele za watu, unaniambia tunangoja kuku?" Akamgeukia Bi Mwanahawa kwa adabu. "Mama, samahani, naona kuku wako wengine hapo. Si achinjwe mmoja tumalize?"

"Wale wanataga, baba," akasema Bi Mwanahawa.

Kati ya wale wanane, wawili walikuwa majogoo. Athumani aliwatazama wale majogoo, akamtazama Bi Mwanahawa, akanitazama mimi. Alikaa siku mbili, kuku akala tandu, akaondoka amenuna, akisema nitakapochoka kungoja nyama nitaijua njia. Na mie, kwa ujinga wa ujana, sikushika. Nililiona lile la majogoo nikadhani ni uzee.

Nilishika wiki iliyofuata. Niliamka, jua limeshatoka, nikajinyoosha, nikafungua mlango wa uani. Bi Mwanahawa alikuwa amechuchumaa kando ya tenga, kanga ameifunga kiunoni, miguu ina matope mabichi ya mikokoni. Mkononi alikuwa na kikaa. Alikuwa anakipenyeza kwenye tundu, taratibu, na Mjumbe ndani anakipokea. Mtoto mdogo akikutwa na sukari mdomoni hatulii namna ile. Tulitazamana. Nikasikia kikaa kinavunjika.

"Amekula kaa," akasema.

"Naona, Mama."

"Anza upya."

Akainuka kwa kushika goti, akaenda kunawa. Mie nikabaki pale uani, nikihesabu nyuma. Maana zilikuwepo asubuhi ambazo nilikuta mabaki tengani nisiyoyaweka mimi, miguu ya kaa, gamba, nikamsifu Mjumbe kwa ufundi. Kumbe tulikuwa wawili. Majuma yote yale watu wazima wawili, kila mmoja kwa wizi wake, walikuwa wanamlisha kuku mmoja ili siku zisitimie, na kwenye chakula hawasemezani.

Baada ya hapo haikuwezekana tena. Ukishaonekana umeonekana. Siku tatu zile za mwisho tulimlinda yule kuku kama tunalinda mgonjwa. Mjusi akishuka ukutani, Bi Mwanahawa anampiga na ufagio. Kikaa kikitokeza, nakifukuza mimi. Hatukusemezana kwa hilo pia, lakini tulikuwa tumekaa uani wote wawili, kwenye vigoda, tenga katikati. Siku ya nne akaitwa mzee wa jirani, akamchinja Mjumbe kwa kisu kikali na bismillahi. Nililia. Bi Mwanahawa hakuniambia ninyamaze. Alimnyonyoa mwenyewe, akamchemsha asubuhi nzima, maana kuchi mzee ni kama kamba, akamtia tui na bizari na pilipili moja nzima.

Akapakua sinia moja. Nilisimama nikingoja aweke yangu kizingitini, akasema, "Kaa." Tukakaa ukumbini, mkekani, vidole vyake upande ule wa wali na vyangu upande huu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifiwe kula na mtu. Nilimeza matonge mawili. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama wali.

"Aliniita?" akauliza.

Jamani. Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi sana. Ndiyo, Mama, alikuita, jina lako ndilo lilikuwa mdomoni mwake. Nani angenikosoa? Ningempa zawadi ya maisha. Lakini nilikuwa nimengoja swali kwa miezi mitano, na nikiliharibu kwa uongo ningebaki na nini?

"Hapana, Mama."

"Alisema nini?"

"Alisema tungoje maji yajae. Wasimbebe kama gunia."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikatoka nikawaambia wanaume tunangoja. Walikuwa wawili. Walishakunja suruali."

Alichukua paja, akalitenga nyama na mfupa kwa vidole, polepole. "Nakulaumu, Somoe," akasema. Aliniita jina langu. "Sitakudanganya. Nilikulaumu njia nzima kutoka Kiranjeranje, na leo nakulaumu. Na mie kule kwa mdogo wangu niliaga nakaa siku nne, nikakaa ishirini, ngoma tamu, watu wangu wote wako pale. Hilo nalo halinipi usingizi. Sikukuuliza kwa sababu ukishanijibu, hapa una nini tena cha kukubakisha?" Akaisukuma ile nyama ya paja upande wangu wa sinia.

Nikaila. Watu watadhani niliumia, na niliumia, lakini kwanza nilisikia kifua kinafunguka. Nilikuwa nikiomba kusamehewa, sikusamehewa. Lakini mtu alikuwa amekaa mbele yangu akaniambia analonidai bila kuuma maneno, akaniita Somoe, na kwa muda wa sinia moja ya wali sikuwa peke yangu kisiwani. Tangu hapo nimeishi na mume mwingine miaka ishirini na tisa, mtu mwema, na sidhani tuliwahi kuwa karibu hivyo.

Kesho yake nilifunga begi. Mtumbwi ulikuwa nje kwenye mkondo, maji yamekupwa, matope matupu hadi kule. Nikasema nitangoja yajae, mchana. Bi Mwanahawa alikuwa ameshafunga kanga yake juu ya magoti, begi langu kichwani. "Hatungoji," akasema. "Twende." Tukaingia kwenye mikoko. Matope yalinifika mapajani, yananivuta viatu, mara mbili nilianguka na mara zote mbili alinisubiri, mwanamke wa miaka yake, begi halijatikisika. Tulipofika kwenye maji akampa mwenye mtumbwi lile begi, akashika ubao wa mtumbwi kupumua. Kisha akageuka akatazama tulikotoka, paa la nyumba yake lilikuwa linaonekana wazi juu ya mikoko. Akayapima kwa macho matope yale, kutoka nyumbani hadi mtumbwini.

"Si mbali," akasema.

"Si mbali, Mama."